Mtoto Akililia Injini

Kuna methali tumezizoea mpaka hatuzisikii tena. "Mtoto akililia wembe, mpe." Nimeitumia mara nyingi, tena kwa raha: kwa rafiki aliyeng'ang'ania kuacha kazi, kwa jirani aliyetaka kuuza shamba aende mjini. Ni methali ya mtu aliyechoka kushauri. Desemba iliyopita ilinirudia kama swali, na tangu hapo siisemi hovyo.

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Lushoto. "Mdogo wangu, mwanao anataka kwadi."

Mwanao, yaani mwanawe yeye. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, na mimi ndiye baba mdogo. Ana miaka tisa, ana kilo 28, na kwenye simu ya baba yake alikuwa ameona watoto wa Uganda wakishindana kwa pikipiki kwenye uwanja wa Garuga, kule karibu na Entebbe, wamevaa helmeti kubwa kuliko mabega yao. Yeye akaamua anataka ya magurudumu manne. Ya mashindano, si ya kuchezea. Kaka akaona si vigumu: fundi mmoja pale mjini alikuwa na injini ya bodaboda, cc 150, iliyotolewa kwenye pikipiki iliyopata ajali. "Injini ipo na bei ni poa. Kilichobaki ni hela ya chuma na matairi." Kwa hiyo niliombwa vitu viwili, hela na maoni. Nadhani alihitaji cha kwanza tu.

Nilipanda mlima mwenyewe kwenda kuona. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, nazo zinapanda karibu mita elfu moja. Unaacha joto na mkonge, unaingia kona, unapita Soni na maporomoko yake, na masikio yanaziba. Mtoto wa milima ile hahitaji kufundishwa kasi ni nini. Mteremko uko nje ya mlango.

Sisi tulikuwa na baiskeli za mbao. Kama umewahi kutembea Usambara umeziona: ubao mmoja mrefu wa kukalia au kupigia goti, usukani wa mti, magurudumu mawili yaliyochongwa kwenye gogo na kuvishwa vipande vya tairi kuukuu kwa misumari. Ekseli ni mti uliopakwa oili chafu. Breki ni kandambili. Goma, mashariki ya Kongo, wanazo kubwa zaidi, chukudu, zinazobeba magunia ya mkaa na viazi, na mji ule umezipa heshima ya sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Zetu zilibeba kuni, na Jumapili zilibeba sisi.

Sitaki kuzisifu kupita kiasi. Goti langu la kushoto lina kovu ambalo halina uhusiano wowote na busara za wahenga. Lakini nilijua kila msumari wa kile chombo, kwa sababu niliupigilia mimi. Tena kila mteremko nilioushuka niliulipia kwa kusukuma baiskeli kupanda. Kwenye kupanda kule kulikuwa na muda wa kufikiri kona iliyokushinda.

Halafu kuna jambo ambalo mimi na kaka hatulizungumzi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa na pikipiki ya kuazima. Binamu yetu alikuwa na kumi na tano. Alinisumbua wiki nzima: nipe nijaribu, mara moja tu, mpaka kwenye mti ule na kurudi. Siku ya saba nikampa ufunguo. Wala sikumpa kwa upendo, nilimpa kwa sababu nilichoka. Alifika kwenye mti. Kurudi ndiko kulikomshinda. Mguu ulivunjika sehemu mbili na ukaungwa vibaya, na mpira, ambao ndio ulikuwa maisha yake, ukaishia pale. Leo anauza mboga, ana familia, anatembea kwa kuchechemea, na hajawahi hata siku moja kunilaumu. Wazee waliokuja kutupa pole walisema, "Basi, amejifunza."

Amejifunza nini? Nimeliuliza swali hili miaka mingi. Kwamba mguu huvunjika? Hilo alilijua. Kuendesha pikipiki? Hakujifunza, hakuipanda tena. Somo lilikuja likamchukua mwanafunzi.

Hapo ndipo ninapoigeukia methali. Wanaosema mtoto apewe wembe wana hoja, tena hoja nzito. Kuna maarifa hayapiti masikioni. Rousseau, kwenye kitabu chake cha malezi, Émile, alitaka mtoto aachwe aanguke mara nyingi kwa siku, ajifunze kuinuka, na michubuko ihesabiwe kuwa gharama ndogo ya uhuru. Sina ugomvi na hilo. Ila tazama methali ilichagua nini. Haikusema panga, haikusema bunduki. Ilisema wembe, kitu kinachokata kidole kikatoka damu, ukalia, ukafungwa kitambaa, na kesho yake bado una vidole kumi na akili moja zaidi. Ndani ya methali mna sharti ambalo halikutamkwa kwa sababu waliosema waliliona wazi: kosa liwe dogo kuliko mkosaji. Sisi tumebaki na amri, sharti tumelisahau.

Kwa hiyo nilipofika kwenye kibanda cha fundi sikuuliza mtoto anaweza kuendesha nini. Nilijaribu kuuliza: akikosea, kosa lake litakuwa na ukubwa gani?

Injini ilikuwa juu ya benchi, imesafishwa kwa petroli, inang'aa. Injini ya namna hiyo inatoa nguvu kama za farasi kumi na mbili, na uzito wake pekee unakaribia uzito wa mtoto mwenyewe. Imetengenezwa kubeba watu wazima wawili na gunia la viazi kupanda Magamba. Kaka akaongeza hoja ya milima: huku juu hewa ni nyepesi, injini inapungukiwa. Kweli kabisa, kwa kila mita elfu moja injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Lakini kupanda mlima ni kazi ya gia, na fundi alilisema hilo kabla yangu: sproketi kubwa nyuma, basi, mtoto wa kilo 28 atapanda popote.

Kisha nikauliza iko wapi chasisi. Fundi akanionyesha rundo la skwea paipu pembeni ya ukuta. Bado hajaanza. Chasisi ingepimwa kufuata injini.

Nadhani kosa letu lote lilikuwa kwenye mpangilio huo. Injini ndiyo mtoto anayoililia. Hakuna mtoto duniani aliyewahi kulilia chasisi. Upana wa magurudumu, urefu wa kiti kutoka ardhini, breki, mahali pa miguu, hivyo vyote haviombwi na havishukuriwi. Na magurudumu manne yanadanganya, kwa sababu yanaonekana kama meza, kitu kisichoanguka. Pikipiki hulala pamoja nawe kwenye kona, kwadi hailali. Ekseli yake ya nyuma huwa ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa, kwa hiyo ukikata kona yenyewe inataka kwenda moja kwa moja. Anayeipanda ndiye anayepaswa kuuegemeza mwili wake ndani ya kona ili izunguke. Mtu mzima ana mwili wa kuegemeza. Mtoto wa kilo 28 juu ya chuma cha kilo 120 ataegemea, na chuma hakitasikia kitu.

Marekani, zilikoenea sana miaka ya 1980, zile za magurudumu matatu zilipindua watu wengi mpaka mwaka 1988 kampuni zilizoziuza zikakubaliana na serikali kuacha kuziuza. Za magurudumu manne zilibaki, na madaktari wa watoto wa huko bado wanashauri aliye chini ya miaka 16 asizipande kabisa.

Pale kibandani nilimkumbuka Ovid, mshairi wa Roma, na kisa chake cha Phaethon. Kijana anakwenda kwa baba yake, Jua, kumwomba uthibitisho kwamba kweli ni baba yake. Baba anaapa kumpa chochote atakachotaka. Kijana anataka gari la baba, lile linalokokota mchana angani, hata kwa siku moja tu. Baba anajuta papo hapo, anashauri, anasihi, lakini kiapo ni kiapo. Mwisho wake tunaujua: dunia inaungua, na kijana anaanguka kutoka mbinguni. Wengi tunakisoma kama kisa cha kijana mkaidi. Mimi nilikumbuka jambo dogo ambalo Ovid analitaja kama angekuwa fundi: gari lilianza kurukaruka kwa sababu farasi hawakuhisi uzito waliouzoea. Kijana alikuwa mwepesi mno. Lilikuwa gari zima, imara, zuri, lililotengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine. Na yule baba hakuwa mkatili. Aliahidi kwanza, kisha ndipo akapima.

Nilimweleza kaka, si habari za Ovid, habari za uzito. Akaninyamazia. Halafu akasema maneno ambayo sikuwa na jibu lake la haraka. "Wewe unakaa Dar. Huyu mtoto akifika miaka kumi na tano atapanda bodaboda, nitake nisitake. Hapa mgonjwa anapelekwa hospitali kwa bodaboda. Mboga zinashuka kwa bodaboda. Si afadhali ajifunze kwangu, mdogo mdogo, kuliko kuja kujifunzia kwenye kona ya Soni akiwa na abiria?"

Akatulia, akaongeza, "Au unataka ajifunze kama yule?"

Hakutaja jina. Wala hakuwa ananilaumu. Lakini niliona kwamba miaka yote hiyo na yeye alikuwa ameubeba ule mguu, na ulikuwa umemfikisha mahali tofauti na nilipofika mimi. Mimi ulinifundisha kutokutoa ufunguo. Yeye ulimfundisha kwamba usipotoa mapema, utatoa ukiwa umechoka.

Nadhani tulikuwa sahihi wote wawili, na hilo ndilo linalofanya swali kuwa gumu. Kumnyima mtoto hatari zote ni kumwahirishia tu, na hatari iliyoahirishwa haikai vilevile, inakua na cc zake. Kumpa yote ni kumtupa. Wale watoto wa Uganda aliowaona kwenye simu hawaanzi na cc 150. Wanaanza na 50, kisha 65, kisha 85. Na kipikipiki cha Yamaha PW50, ambacho wengi duniani wameanzia, kina skrubu ndogo kwenye mkono wa resi. Mzazi akiikaza, mtoto hata akizungusha resi mpaka mwisho, injini inatoa kidogo tu. Mtoto akikua, mzazi anachukua bisibisi anailegeza kidogo. Siijui picha ya malezi iliyo wazi kuliko hiyo. Na ugumu wake ni kwamba mwenye bisibisi lazima awepo, wiki baada ya wiki. Kutoa injini ni kazi ya siku moja. Skrubu ni kazi ya miaka.

Tulichokubaliana ni hiki. Injini ya bodaboda ilibaki kwa fundi. Kaka ana pampu mbovu ya kumwagilia kabichi bondeni, pampu imekufa lakini injini yake nzima. Mtoto alifurahi kusikia kwamba ni cc 163, kubwa kuliko ya kwanza! Hatukumweleza mara moja kwamba farasi wake ni watano tu, na kwamba ina gavana inayoizuia kuzunguka kupita kiasi, akaivute apendavyo. Ila hiyo itafungwa mwisho. Kwanza chasisi: pana, ya chini, kiti kimepimwa kwa miguu yake, breki za magurudumu yote. Likizo nzima aliishusha bila injini kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya nyumba, kisha akaisukuma kupanda. Mara ya tatu aliiangusha ubavu, akachubuka kiwiko, akaja kuniambia, "Baba mdogo, nilichelewa kuegemea."

Nilirudi Dar. Kaka ananitumia picha. Injini ya pampu bado iko stoo, juu ya gunia, na mtoto anaiulizia kila Ijumaa. Kaka ananiambia anakaribia kuchoka. Ninamwelewa. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni ninapiga simu, naomba kuongea na mwanangu, na namuuliza kona ya wiki hii ilikuwaje.