TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: FARASI MWENYE MBAWA

Kumi la kwanza limeshapita. Mwenyezi Mungu azipokee swaumu zetu na zile zilizobaki atufikishe kwa afya.

Leo nazungumzia vitabu vya hadithi. Najua wapo watakaosema, "Mwezi wa Qur'ani huu, ustadhi anatuletea habari za riwaya?" Subirini kidogo.

Binti mmoja wa jamaa zetu hapa msikitini, mwanafunzi wa sekondari, ameniandikia. Baba yake amemkuta na riwaya za Kiingereza, zile za vijana zenye uchawi, majoka na falme za kubuni. Amezikusanya zote, akazifungia kabatini, na amesema Idi ikipita atazichoma. Simu amemwachia. Binti anauliza mambo mawili. La kwanza: je, swaumu za siku nilizosoma vitabu hivyo zimeharibika? La pili: ustadhi, kabla hujanihukumu, unaweza kusikiliza mimi mwenyewe navionaje?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Kusoma hadithi ya kubuni hakubatilishi swaumu. Huna siku ya kulipa, binti yangu. Swali la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na kwa ruhusa yake na ya wazazi wake nawaletea, jina nimeliacha.

Kwa nini nimsikilize? Kwa sababu tunaye wa kumwiga. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alirudi kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaona wanasesere wa Bi Aisha (r.a.). Katikati yao palikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume akauliza: hivi ni nini? Akajibiwa. Na hiki cha katikati? Farasi. Na hivi vilivyo juu yake? Mbawa. Akastaajabu, farasi ana mbawa? Bi Aisha akamjibu kwamba kwani hajasikia kuwa Nabii Sulayman (a.s.) alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tazameni mpangilio. Ameona kitu cha ajabu mikononi mwa kijana. Akauliza, akauliza tena, akasikiliza jibu, kisha akacheka. Sisi wengi wetu tunaanza na kabati na kiberiti.

Sasa maoni ya binti.

*Kuhusu Harry Potter.* Hivi ni vitabu saba vya mwandishi wa Uingereza, J.K. Rowling. Cha kwanza kilitoka 1997, cha mwisho 2007. Binti anasema fimbo za uchawi hazikumshika sana. Kilichomshika ni kioo. Katika kitabu cha kwanza kuna kioo ambacho mtu akisimama mbele yake huona kile moyo wake unachokitamani kuliko vyote. Yule kijana ni yatima, akawaona wazazi wake wamesimama pamoja naye. Akarudi usiku wa pili, akarudi wa tatu, hata hamu ya kula ikamwisha, mpaka mwalimu mkuu akamwonya kwamba wapo watu waliomaliza maisha yao mbele ya kioo hicho. Binti ameniandikia hivi: "Ustadhi, mimi nikikaa na simu usiku naona nguo za watu, harusi za watu, safari za watu. Asubuhi sitaki chochote nilicho nacho. Nilipofika hapo nikasema, kumbe hiki kioo ninacho mkononi."

Subhanallah. Katika Suratul Jaathiya Mwenyezi Mungu anatutajia mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa ndiyo mungu wake. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi, na mfano ulio karibu na vijana kuliko huu wa binti sijauona. Swaumu ni nini kama si kuondoka mbele ya kioo hicho kwa mwezi mmoja?

Akaongeza kuhusu yule adui mkubwa, Voldemort. Huyo aliipasua roho yake vipande vipande na kuvificha ndani ya vitu ili asife, na kila kipande kilidai mtu auawe kwanza. Binti anasema: "Wenzangu wanamwogopa kwa nguvu zake. Mimi namwona mwoga. Ameua watu wote hao kwa kuogopa kitu ambacho kila mtu atakionja." Qur'ani imetuambia hilo, kila nafsi itaonja mauti. Binti huyu ameiona aya mahali ambapo mwandishi hakuiandika.

*Kuhusu Twilight.* Hiki ni cha Stephenie Meyer wa Marekani, cha 2005, msichana anapendana na kijana asiyekufa anayeishi kwa kunywa damu. Binti hakukipenda, na sababu yake si damu. Anasema yule kijana huingia chumbani kwa msichana usiku, akamtazama amelala, msichana hana habari, na kitabu kinataka tuone hayo ndiyo mapenzi. "Ustadhi, huyo hapa mtaani kwetu angepigiwa yowe la mwizi."

Nimecheka, kisha nikanyamaza. Suratun Nuur imetukataza kuingia nyumba za watu mpaka tubishe hodi na tuwatolee salamu wenyewe. Msichana anayejua kwamba mapenzi yasiyobisha hodi si mapenzi, huyo ana ngao. Wapo wakubwa zake hawanayo.

*Kuhusu Children of Blood and Bone.* Hiki ni cha 2018, cha Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Binti alifurahi kuona shujaa msichana mweusi, katika nchi yenye joto kama letu. Lakini hadithi yenyewe imejengwa juu ya miungu ya Wayoruba, na wahusika wanaiomba. Anasema alipofika katikati alijiona anatamani dua zile zijibiwe. Akafunga kitabu siku mbili, akajiuliza, kisha akaendelea akijua anasoma imani ya wengine.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojua kwamba hazungumzi mtoto anayechezewa na kitabu. Sisi tuliosomea ualimu tunaijua tofauti hii. Mwanafunzi akikuambia "kizuri" au "kibaya" tu, bado hajasoma. Akikupa sababu, amesoma. Na akikuambia kitabu kimemgusa wapi ndani ya moyo wake na yeye akafanya nini, huyo anaihesabu nafsi yake. Tunaita muhasaba.

Lakini tusiende upande mmoja. Wanaokataza nao wana hoja, na wapo maulamaa wanaozikataza hadithi za aina hii, kwa kuwa zinaupamba uchawi mpaka moyo uuzoee. Uchawi ni katika madhambi saba yenye kuangamiza. Wapo wengine wanaoruhusu kwa masharti. Na tukumbuke habari ya Nadhr bin Harith kule Makka. Alikuwa mfanyabiashara, akajifunza hadithi za wafalme wa Uajemi, za Rustam na Isfandiyar. Mtume akimaliza kuwasomea watu Qur'ani, yeye hukaa palepale akasimulia zake, akidai ni nzuri zaidi. Wafasiri wengi wanaitaja habari yake katika aya ya Suratu Luqman inayomlaumu mwenye kununua maneno ya upuuzi ili awapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu.

Kosa la Nadhr lilikuwa nini? Hadithi? Qur'ani yenyewe imejaa visa. Tuna pango la vijana waliolala miaka mia tatu na tisa, tuna mdudu chungu anayewaonya wenzake, tuna kiti cha enzi cha malkia kilicholetwa kabla jicho halijapepesa. Tofauti ni kwamba hivyo ni vya kweli. Na wazee wetu Waislamu wa pwani hii hawakuiogopa hadithi ya kubuni. Nyumba ngapi zimelelewa na Alfu Lela Ulela? Marehemu Shaaban Robert, mwana wa Tanga, mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, na 1952 akatupa Adili na Nduguze, ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa uovu wao. Tumevisoma mashuleni na hakuna aliyekuwa nyani. Kosa la Nadhr ni kwamba aliiweka hadithi kwenye kiti cha Qur'ani.

Basi kijana, pima kitabu chako kwa mambo matatu:

1. *Wakati.* Kimekula nini? Kama umesoma mpaka saa tisa usiku, ukala daku na macho mazito, alfajiri ikakupita, hicho kitabu kimekuwa Nadhr kwako, hata kiwe cha maua na vipepeo. Juzuu yako ya leo kwanza, riwaya baadaye.

2. *Moyo.* Ukikifunga, unatamani nini? Unapenda haki zaidi au dhambi zaidi? Kitabu kinachokuzoesha machafu kirudishe kilikotoka, hata wenzako wakisifu vipi.

3. *Itikadi.* Unajua mahali kinapoachana na tauhidi? Kama hujui, mletee anayejua mkisome pamoja. Kama unajua na bado unajiona unavutwa, kiache. Hakuna hadithi yenye thamani ya imani yako.

Sasa nigeuke kwa sisi wakubwa, na mnisamehe, leo sitazungusha maneno.

Tunauogopa uchawi wa kwenye karatasi. Vizuri. Lakini wangapi katika jamaa hii biashara ikilala kidogo tunakwenda kupiga ramli? Simu ikiibiwa tunamtafuta wa kutazamia? Mke akibadilika tunaletewa dawa ya kuweka chini ya godoro? Vibao vya waganga vimepigiliwa misumari kwenye nguzo za umeme njia nzima ya kuja msikitini, na vibao hivyo havibaki pale bila wateja. Suratul Baqara imetaja waliojifunza ya kumtenganisha mtu na mkewe. Huo ndio uchawi wenyewe, si wa kubuni. Yule kijana wa kwenye kitabu hajawahi kumroga jirani yako. Nyani haoni… malizieni wenyewe.

Mtume (s.a.w.) amesema, na hadithi iko kwa Muslim, kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Siku arobaini ni Ramadhani nzima na ziada! Mtoto wa sekondari amekosa usingizi akiuliza kama swaumu yake imeharibika kwa kusoma riwaya. Na wewe uliyekwenda kutazamiwa mwezi wa Shaabani, umeshawahi kuuliza kuhusu swala zako? Toba iko wazi, na mwezi ndio huu.

Na wewe baba uliyefungia vitabu, nakuheshimu. Umefanya hivyo kwa ghera ya dini na kwa mapenzi ya mwanao, na Mwenyezi Mungu hakupotezei niya hiyo. Ombi langu ni moja. Kabla ya kiberiti, fungua kabati, chukua kitabu kimoja, na baada ya futari mwambie binti yako: "Nisimulie hiki kinasema nini." Msikilize mpaka mwisho. Ukikuta uchafu, mwondolee, na mpe sababu, kwa sababu amri isiyo na sababu huishia mlangoni pako, lakini sababu atatembea nayo mpaka chuo kikuu na mpaka nyumbani kwake. Na ile simu uliyomwachia, iulize pia maswali hayohayo. Haina kurasa wala mwisho.

Wazazi wote, fanyeni hivyo usiku huu. Muulizeni mtoto mmoja tu: unasoma nini, unaangalia nini, umependa nini ndani yake? Huenda mkasikia jambo la kuwatisha. Huenda mkasikia jambo la kuwachekesha, nanyi mcheke. Vyote viwili ni heri kuliko kutojua.

Ewe Mola wetu, tupe masikio ya kuwasikia watoto wetu kabla hawajaacha kutuambia. Wape vijana wetu mizani ndani ya vifua vyao. Tusafishe na ushirikina ulio wazi na uliojificha. Ijaalie Qur'ani iwe chemchemi ya nyoyo zetu, na hadithi nyingine zote zikae nyuma yake. Amin.

Kesho inshaallah tafakuri yetu ni kuhusu deni na mwenye kudai. Mfikishie na jirani asiye na simu kubwa, msomee kwa sauti.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.