Machozi ya Fresh

Mara ya kwanza nilipotazama filamu ya Fresh nilipiga makofi. Mara ya pili nikayaonea aibu makofi yale.

Kwa ambao hamjaiona: ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 1994, iliyoandikwa na kuongozwa na Boaz Yakin. Fresh, mtoto wa miaka 12 anayeigizwa na Sean Nelson, anaishi Brooklyn, New York, nyumbani kwa shangazi aliyejaza watoto tele. Kabla ya kufika darasani anakuwa ameshasambaza unga. Esteban anamtuma heroini, Corky anamtuma kokeini ya kuvuta. Dada yake ameshazama kwenye hayo hayo madawa. Baba yake, Samuel L. Jackson, ni mlevi anayecheza sataranji bustanini kwa pesa, na mtoto anamwendea kwa siri.

Baba anamfundisha jambo moja: usiihurumie kete. Kete ni ya kutumika, unachokitaka ni mfalme wa mwenzio. Basi, baada ya msichana anayempenda kuuawa kwa risasi kiwanja cha michezo, Fresh anautoa mchezo ubaoni na kuuhamishia mtaani. Anawagonganisha wale wakubwa mpaka wanamalizana. Hapo ndipo nilipopiga makofi. Jamani, kitoto kimewaweza!

Lakini njiani nini kimetokea? Rafiki yake Chuckie amekufa katika kazi ambayo Fresh ndiye aliyemwingiza. Mbwa wao, Fresh amemuua kwa mkono wake. Na watu wamekufa kwa maneno aliyoyapanga yeye. Je, mtoto huyu ana hatia?

Jibu rahisi ni hapana: ni mtoto, mazingira ndiyo yamemfikisha hapo. Zamani nilisema hivyo. Siku hizi jibu hilo linanikwaza, maana mwishoni Fresh anakaa mbele ya baba yake, ubao upo katikati, na machozi yanamtoka. Hasemi kitu. Mtu asiyejua alichofanya halii vile. Tukimwambia "hukufanya kosa," tunamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho, yaani kujua kwamba Chuckie hakuwa kete.

Kwa hiyo nasema ana hatia, ila deni si lake peke yake. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinazitaka nchi zizuie watoto wasitumiwe kuzalisha na kusafirisha dawa za kulevya. Angalia neno hilo, kutumiwa. Kuna mtumaji. Sisi tunamkodolea macho aliyetumwa, tunajadili roho yake, na mtumaji anapita zake.

Nalisema hili kwa kuwa nimewahi kuwa mtumaji. Ujanani, mtaani kwetu, tukitaka gongo tulimtuma mtoto wa jirani, miaka 10 hivi. Sababu ilikuwa moja tu: askari hawezi kumshuku mtoto aliyebeba kidumu. Akirudi tunamwachia chenji na kumsifia, "We dogo, mjanja sana!" Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa anaogopa. Nilikuwa nacheka na wenzangu, na sikujiona mhalifu hata kidogo. Wala Esteban hajioni hivyo. Naye anampenda Fresh kwa namna yake, anamsifia, anamtabiria makubwa.

Hapo ndipo makofi yangu yaliponisuta. Kumsifia mtoto kwa ujanja ambao hakupaswa kuuhitaji ni kumtuma mara ya pili.

Yule mtoto wa jirani sasa ni mtu mzima. Tukikutana hunisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo kaka." Naitikia "Marahaba" harakaharaka, kisha natazama pembeni. Sijawahi kumuomba radhi. Huenda yeye ameshasahau kidumu kile. Mimi sijakisahau.