Apumzike Nani?

Mwezi uliopita, huko Tanga, kikao cha ukoo kilimnyang'anya shangazi yangu ungo. Hakuna aliyetamka kunyang'anya, bila shaka. Walisema mikono inamtetemeka, nusu ya mchele inamwagika, msichana wa kazi atapepeta kwa dakika tano, kwa hiyo Shangazi apumzike. Mwenyewe alikuwa pale pale mkekani, hakuulizwa. Aliinuka kwa kushika ukuta, akasema, "Si mngesubiri nife kwanza?"

Tangu hapo nauwaza utulivu wa moyo wa mtu ambaye mwili unamwacha. Maana yake tuichukue ile ya kawaida: kuiridhia siku yako na kutoiogopa kesho.

Najua goti lenye baridi yabisi halitulizwi kwa falsafa, na kwamba nyonga ikivunjika uzeeni wengine hawainuki tena. Fedha nazo zina neno: Zanzibar ilipoanza Pensheni Jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, mzee alipata cha kumtumia mjukuu dukani.

Ila hili la "apumzike" linanichoma. Anayejua kwamba amechoka ni aliyechoka mwenyewe. Pumziko usiloweza kulikatiza ni kifungo, hata ukiwekewa mto. Halafu watazame wanaolisema. Binamu yangu aliyeongoza kikao akipata likizo ya siku mbili hupanda juu ya paa kupigilia mabati. Kukaa bure kwake ni ugonjwa. Kwa mama yake eti ni zawadi! Na hizo dakika zilizookolewa zilikwenda wapi? Ilikuwa asubuhi, wali ni wa usiku. Nashuku tulichokiokoa ni macho yetu. Hatutaki kuuona mkono ukitetemeka, maana ndio wetu wa kesho, na woga huo tunauita huruma.

Linganisha kikao hicho na mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64. Barazani kwetu yupo mzee ambaye vidole havishiki vizuri. Kete humponyoka, mwenzake humwokotea, mchezo ukaendelea. Akikosea hesabu huambiwa, "We mzee, umelala?" Hucheka, akatafuta mtaji mwingine. Hakuna anayemwachia ashinde. Katika dhihaka ile naona heshima ambayo kikao chetu, pamoja na shikamoo zake zote, hakikuwa nayo.

Wapo wanaonitajia Bi Kidude, aliyeimba na kupiga ngoma akiwa mkongwe, hadi miaka ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 2013. Hawanisaidii, kwa sababu yeye aliweza. Shangazi iko siku hataweza. Macho yakishindwa kutenga chuya na mchele, tumrudishie ungo, kisha msichana aupepete upya jikoni kwa siri? Kumwambia wazi huenda kukamuumiza kuliko alivyoumia siku ile. Kumficha nako ni kukaa kikao kingine bila yeye.