Je, Kutuma Pesa Ndiko Kutunza?

Yafaa tujiulize: mtu amtumiaye mama yake pesa kwa simu kila mwezi, amemtunza?

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Kabla ya hapo tulimpa dereva wa basi bahasha, au tulipanga foleni posta kwa ajili ya hawala. Wengine walingoja likizo wazipeleke wenyewe. Bahasha nyingine hazikufika. Leo mama hupata pesa kabla jua halijatua, na dawa ikanunuliwa. Hatuwezi kuliita jambo hilo baya. Wanaosifu siku za zamani yaelekea hawakupata kuugua mbali na mji.

Lakini biashara hii hukua kwa pesa zitumwazo, si kwa wazazi watembelewao. Tulipozipeleka kwa mkono tuliona paa linalovuja, tukajua ni jirani gani humchotea mama maji. Kampuni haina lawama hapo: hutoza ada ya kufikisha pesa, nayo imezifikisha.

Na yule ambaye nauli yake ni sawa na dawa ya mwezi mzima? Huyo twaona atume dawa kwanza, kisha apige simu, wala asiulize tu kama pesa zimefika.