Mwenye Hisa na Mizani Yake

Mwenye hisa katika mgodi ni mwenye mali, au ni mtazamaji tu?

Tuangalie Kolwezi. Katanga Mining ilikuwa na mgodi wa Kamoto. Nikanor, jirani yake, ilikuwa na shimo la KOV lililojaa maji. Januari 2008 zikaungana, kwa kibali cha wenye hisa. Hesabu ilikuwa nzuri: kwa nini majirani wajenge viwanda viwili? Lakini mwaka uleule bei ya shaba ikaanguka, fedha zikapungua, na mwaka 2009 Glencore ikashika sehemu kubwa.

Je, walikosea? Kukosea bei si dhambi, hakuna aijuaye kesho. Kosa ni kuuliza swali moja tu: «Nitapata ngapi?» Uliza pia: maji ya shimo yataenda wapi? Mfanyakazi atakayeachishwa atapewa haki yake? Gécamines, yaani taifa, itabaki na nini?

Kwani wewe waweza kuuza hisa yako kesho asubuhi. Mtu wa Kolwezi hawezi kuuza shimo lililo mlangoni pake. Anayeweza kuondoka ndiye apime zaidi kwa ajili ya anayebaki. Ukipokea faida, umepokea na amana yake.