Uzito wa Mraba Mmoja

Picha za setilaiti za Landsat huzigawa kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya katika miraba ya mita 30 kwa 30. Huu ndio mfumo wa rasta: katika kila tabaka, mraba hupewa namba moja tu. Je, mahali panaweza kuwa namba?

Kwa anayetafuta pa kujenga bwawa la mchanga, panaweza, na kazi hiyo ina heshima yake. Programu za ramani kama QGIS hupandanisha tabaka za mteremko, mvua, udongo na mito ya msimu, kila moja ikipewa uzito wake, yaani kiwango cha umuhimu wake, kisha hutoa ramani ya sehemu zinazofaa. Mchanga wa chembe kubwa ukijaa nyuma ya ukuta wa bwawa, huyahifadhi maji yasikaushwe na jua. Shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa hayo pamoja na wanavijiji wa Kitui tangu miaka ya 1990.

Lakini uzito haukushuka kutoka mbinguni. Mtu ameuchagua.

Chukua ithembo, mahali patakatifu ambapo wazee wa Kikamba waliomba mvua chini ya miti isiyokatwa. Setilaiti huona ukijani tu, sawa na wa kichaka chochote. Hata hivyo, imani kwamba ardhi ni amana ya Mungu haiikatai ramani. Inamdai aliyepanga uzito awajibike kwa watakaochota maji.

Basi mtaalamu wa ramani na awaendee wazee na akina mama wa kijiji kabla hajaandika uzito wa kwanza.