Punguzeni Jukwaani Kwanza

Wanangu wa bendi na kwaya za hapa Eldoret, nawasikia kutoka mbali, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Jumamosi mnapiga kilabuni hadi alfajiri, Jumapili mnazihudumia ibada zote, na katikati mmepanda matatu ya Langas yenye spika chini ya kiti. Masikio yapumzike saa ngapi?

Kanuni za kazi za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Fundi wa mashine za kufuma pale kiwandani Rivatex anakingwa nazo. Nyinyi mnakingwa na nani? Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi: desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Zikifika 100 umebaki na robo saa. Robo saa, na pambio la kwanza halijaisha!

Masikio yakivuma au kuziba baada ya shoo, msijidanganye kwamba yatazoea. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Sauti nyembamba za juu ndizo hutangulia kupotea: sahani za dramu, "s" na "f" za mwimbaji. Fundi wa mitambo ya sauti aliyefikia hapo huziongeza ili azisikie yeye, na akina mama wa viti vya mbele wakaumia.

Dawa ya kwanza si vizibo vya masikio, ni mpiga dramu. Akitwanga, wa gitaa anapandisha amplifaya, wa besi anafuata, mwimbaji anadai monita. Mtulizeni. Na amplifaya iwekeni juu ya kiti, imwelekee mpigaji kichwani, magoti hayasikii.

Kisha vizibo. Pamba ni kujifariji tu. Cha sponji kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio, kisukume ndani, kishikilie hadi kifure. Waimbaji wafanye navyo mazoezi kwanza, maana sauti yako itakuvumia kichwani.

Na kabla ya krusedi za Desemba, nendeni kwa madaktari wa masikio pale Hospitali ya Rufaa ya Moi mpimwe usikivu, mpate karatasi ya kulinganishia mwakani. Mpiga dramu atangulie foleni.